Ada imelipwa. Je, mtoto yuko sawa?

Ifikapo Oktoba na Novemba kila mwaka, mabasi yanayotoka Kyela kwenda Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam hubeba abiria wa aina moja: vijana wenye mabegi mapya, godoro lililofungwa kamba, na kiroba cha mchele ambacho mama amekataa kabisa kibaki nyumbani. Wametoka Ipinda, Matema, Ngonga, Mwaya, Kasumulu na vijiji vingine vya bonde hili. Wanakwenda chuo.

Wengine hawaendi mbali. Wanapanda mlima tu hadi vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso, au wanafika Mbeya kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji (TEKU), Ndaki ya Mzumbe, au vyuo vya Uyole. Wengine wanasafiri usiku kucha hadi Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nyuma ya kila begi kuna mzazi aliyeuza kitu. Kuna aliyeuza mpunga, kuna aliyesubiri mnada wa kakao, kuna aliyefungua zizi na kumtoa ng'ombe. Orodha ya maandalizi ameikamilisha: ada, godoro, shuka, ndoo, simu, nakala za vyeti na picha za pasipoti.

Swali ambalo halimo kwenye orodha hiyo ni hili: huko anakokwenda, nani ataona iwapo mtoto huyu hayuko sawa?

Makala haya yanahusu swali hilo. Vyuo vina ofisi, watu na utaratibu wa kuangalia hali ya mwanafunzi, mwili wake, akili yake, fedha zake na mahusiano yake. Mahali pengine utaratibu huo unafanya kazi vizuri, mahali pengine upo kwenye karatasi. Mzazi anayejua namna unavyopaswa kuwa anaweza kuuliza, na anayeuliza humsaidia mtoto wake na wa jirani pia.

Mwaka wa kwanza ndio mgumu

Mtoto aliyesoma shule ya bweni amezoea kengele. Kengele ya kuamka, ya kula, ya kusoma usiku, ya kulala. Mwalimu wa zamu anajua nani hayupo. Akifika chuo, kengele zote zinanyamaza siku moja. Anaweza kukosa vipindi wiki nzima bila mtu kumgongea mlango. Anaweza kukaa chumbani siku tatu na wenzake wakadhani amesafiri.

Pili, alikuwa wa kwanza au wa pili darasani kwao. Sasa yuko kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa, na wengi wao nao walikuwa wa kwanza kwao. Anapata alama ambayo hajawahi kuipata maishani. Akifeli somo anaingia kwenye mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita "sapu". Akizidi kufeli anaondolewa, na neno lao kwa hilo ni "kudisko". Chuo humhesabu kama mtu mzima, hivyo matokeo huyaona yeye kwenye akaunti yake, si mzazi. Ndiyo maana hutokea kijana akaondolewa chuoni na akaendelea kuishi mjini kwa miezi, akipokea fedha za matumizi kutoka nyumbani, kwa sababu hajui aanzie wapi kusema. Anamkumbuka ng'ombe aliyeuzwa, na mdomo unakuwa mzito.

Tatu ni fedha. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, mwanafunzi wa shahada mwenye mkopo wa chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo (HESLB) hupangiwa Sh10,000 kwa siku, kutoka Sh8,500 za awali. Hazitolewi kila siku, huja kwa mkupuo, na wanafunzi huziita "bumu". Bumu la siku 60 ni Sh600,000. Kwa kijana wa miaka 19 au 20 ambaye hajawahi kushika hata laki mbili, siku hiyo ni kubwa. Kuna anayenunua simu, kuna anayelipa madeni, kuna anayejaribu kubeti ili azizidishe. Wiki ya nne anaanza kula mlo mmoja. Na yule asiye na mkopo kabisa, anayetegemea mpunga ambao bado uko shambani, anaishi chumba kimoja na wenye bumu.

Nne ni upweke. Mtoto aliyekulia Kyela, ambako ukipita njiani unasalimiwa na kila mtu, anajikuta kwenye mji ambao watu hupishana kimya.

Hakuna hata moja kati ya haya ambalo ni ugonjwa. Lakini yakikutana yote kwa mtu mmoja, muhula mmoja, na hana wa kumwambia, ndipo ugonjwa hupata mlango.

Nani anaongoza kazi hii chuoni

Katika vyuo vyetu mzigo huu kwa kawaida hubebwa na Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Hiyo ndiyo ofisi inayoshughulikia malazi, nidhamu, serikali ya wanafunzi, misiba, magonjwa, na pia ushauri nasaha. Chini yake kuna walezi wa mabweni. Pembeni kuna zahanati ya chuo, viongozi wa dini, na viongozi wa wanafunzi wenyewe.

Ukiitazama orodha hiyo utaona tatizo. Ofisi inayomwadhibu mwanafunzi aliyevunja sheria ndiyo hiyo hiyo anayotakiwa kuiendea akiwa na machozi. Kijana anaogopa. Anadhani akisema amechanganyikiwa itaandikwa kwenye faili.

Mwaka 2015, wawakilishi wa vyuo kutoka nchi mbalimbali walikutana Kelowna, Kanada, na kutoa tamko linaloitwa Mkataba wa Okanagan, kuhusu vyuo vinavyojenga afya. Hoja yake kuu ni rahisi: afya ya mwanafunzi isiachiwe ofisi moja wala zahanati peke yake. Iingie kwenye ratiba ya masomo, kwenye majengo, kwenye chakula, kwenye namna mhadhiri anavyorudisha kazi iliyofeli, na kwenye maamuzi ya wakubwa wa chuo. Mkuu wa chuo ndiye kiongozi wa kwanza wa ustawi wa wanafunzi, kwa sababu ndiye anayeamua bajeti.

Kwa maneno ya kawaida: mhadhiri aliyegundua kwamba mwanafunzi hajaonekana wiki mbili na akauliza, amefanya kazi ya ustawi. Mpishi wa kantini anayemjua kijana asiyekuja tena kula, naye pia. Mlinzi wa geti anayemwona binti akirudi analia usiku, naye pia. Chuo kinachoongozwa vizuri huwaambia watu hawa wote jambo moja: ukiona hivi, mpigie fulani. Kisha huhakikisha huyo fulani anapokea simu.

Wazee wa bonde hili walikuwa na utaratibu wao

Wazazi wa Unyakyusa wasidhani mambo haya yametoka Kanada. Katika miaka ya 1930 mtafiti kutoka Afrika Kusini, Monica Wilson, na mumewe Godfrey walikaa miongoni mwa Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kuhusu jambo lililowashangaza wasomi wa dunia: vijiji vya rika.

Mvulana wa Kinyakyusa akifika umri wa miaka kumi hivi alitoka kwa wazazi wake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni na kuanza kijiji chao. Walilala huko, walizungumza huko, waligombana na kupatana huko. Waliamini kwamba akili ya mtu hukomaa katika mazungumzo na wenzake, na walikuwa na neno la kule kukaa pamoja na kufurahiana: ukwangala. Mtu aliyejitenga na wenzake alitiliwa shaka, hakuonekana mjanja.

Lakini kuna jambo moja ambalo mzazi wa leo alishike. Wavulana wale walilala kwenye kijiji chao, ila chakula walikula kwa mama zao. Walikwenda kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijana alipewa uhuru wa kuishi na wenzake, lakini kila siku kulikuwa na mama aliyemwona usoni. Mama wa rafiki angeweza kusema: mbona mwenzenu hali, ana nini?

Huo ulikuwa mpango wa ustawi, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Ulikuwa na pengo lake, kwa kuwa kijiji cha rika kilikuwa cha wavulana, na wasichana hawakupewa nafasi kama hiyo. Leo mabinti zetu wako chuoni na wanahitaji ukwangala kama kaka zao. Hata hivyo msingi wake haujachakaa: kijana anahitaji wenzake, na anahitaji mtu mzima anayemwona mara kwa mara.

Chuo ni kijiji cha rika. Swali ni nani amechukua nafasi ya wale mama.

Benchi la Harare

Jibu moja limetoka si mbali nasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, Harare. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno wa fani yake. Hakuweza kusubiri wasomeshwe wengine. Akawafundisha bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii, akawawekea benchi la mbao nje ya kliniki. Mtu mwenye mawazo anakaa na bibi, anazungumza.

Bibi hawatoi dawa wala hotuba. Hatua ya kwanza wanaiita kwa Kishona kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. Mgonjwa anataja matatizo yake yote, kisha anachagua moja tu la kuanza nalo, na wanapanga pamoja hatua ndogo ya kulishughulikia. Anarudi baadaye kueleza ilikwendaje.

Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 24 na watu 573 yalichapishwa katika jarida la madaktari la Marekani, JAMA. Baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za msongo na huzuni kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Tangu hapo wazo hilo limefika nchi nyingine, Zanzibar ikiwemo.

Funzo kwa vyuo vyetu ni kwamba kukosa daktari bingwa si sababu ya kukaa bila huduma. Mlezi wa bweni akifundishwa kusikiliza, na wanafunzi wachache wa mwaka wa pili na wa tatu wakifundishwa kuwa waelimisha rika, tayari chuo kina benchi. Vyuo vyetu vina uzoefu na waelimisha rika tangu enzi za klabu za UKIMWI. Kilichobaki ni kuwapa kazi hii nyingine, na kuwaonyesha mpaka wao: lini wasikilize, na lini wampeleke mwenzao kwa mtaalamu.

Maswali sita ya kuuliza

Siku ya kumpeleka mtoto, au kwa simu wiki ya kwanza, uliza haya:

1. Mshauri wa Wanafunzi ni nani, na namba ya ofisi yake ni ipi? Iandike, na mtoto naye aiandike.

2. Kuna mshauri nasaha ambaye kazi yake ni kusikiliza tu, asiyehusika na nidhamu? Anapatikana siku gani?

3. Zahanati ya chuo inafunguliwa saa ngapi, na usiku mgonjwa anapelekwa wapi? Kadi ya bima ya mtoto inatumika huko?

4. Mwanafunzi asipoonekana darasani kwa wiki mbili, nani hupewa taarifa?

5. Mwanafunzi aliyefeli anaitwa na kuelekezwa, au anasoma tu kwenye mtandao kwamba ameondolewa?

6. Dawati la Jinsia la chuo liko wapi? Mwaka 2021 Serikali ilizindua mwongozo wa kuanzisha madawati haya katika vyuo vikuu na vyuo vya kati. Mtoto wa kike na wa kiume wote wajue mlango wake. Wajue pia kwamba mhadhiri anayedai ngono ili atoe alama anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

Mzazi asione haya kuuliza. Ukinunua mbolea unauliza, mtoto ni zaidi ya mbolea.

Simu ya nyumbani

Sasa tugeuke upande wetu. Sikiliza simu nyingi za wazazi zilivyo:

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unasoma?"

"Nasoma baba."

"Haya, soma. Unajua hali ya huku. Usituangushe."

Simu imekatika. Imechukua nusu dakika, na kijana amesikia jambo moja tu: kwamba hana ruhusa ya kuanguka.

Jaribu hivi:

"Ugonile, mwanangu?"

"Ndaga, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Jana umekula nini?"

"Ugali na maharage."

"Na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Mwenzako wa chumbani yuko wapi siku hizi?"

Swali la chakula linakupa habari ya fedha. Swali la nani unakupa habari ya upweke. Swali la usingizi, "unalala saa ngapi?", linakupa habari ya akili. Hujamhoji, mmezungumza tu. Kisha mwambie mapema, kabla hajafeli kitu: "Mambo yakiharibika, niambie mimi wa kwanza. Nitakasirika, lakini nitakuja." Mtoto aliyeambiwa hivyo mwaka wa kwanza ana njia ya kurudi nyumbani mwaka wa tatu.

Kuhusu fedha, kaa naye kabla hajaondoka, mgawanye bumu kwa wiki kwenye karatasi. Siku 60 ni wiki nane na nusu, kwa hiyo Sh600,000 ni kama Sh70,000 kwa wiki, kodi ya chumba ikiwemo. Akiiona namba hiyo kwa macho yake ataelewa kuliko akihubiriwa. Na kama humtumii wewe kwa sababu mauzo bado, mwambie ukweli na tarehe. Kijana anavumilia njaa ya wiki anayoijua mwisho wake, ahadi isiyo na siku ndiyo inayomchosha.

Jambo jingine: jua rafiki wawili wa mtoto wako na namba zao. Wao ndio kijiji chake. Ukipigiwa na rafiki akakwambia "mzazi, mwenzetu hayuko vizuri," mshukuru, usimgombeze.

Ukiona dalili

Huzuni ya siku mbili baada ya mtihani ni ya kawaida. Anza kushtuka ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtoto halali au analala mchana kutwa, ameacha kula au kuoga, hapokei simu za mtu yeyote, ameacha kwenda darasani, amezidisha pombe, au anazungumza mambo yasiyoeleweka na kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Akisema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake na kuaga, hilo si la kusubiri wiki mbili. Ni la siku hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na ni miongoni mwa sababu tatu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Kumuuliza mtoto wazi, "Unafikiria kujidhuru?", hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua.

Fanya hivi kwa mpangilio. Mpigie rafiki yake akae naye, asiachwe peke yake. Mpigie Mshauri wa Wanafunzi au mlezi wa bweni. Kisha panda gari. Kyela hadi Mbeya ni safari ya nusu siku hata ukichelewa kuondoka, na uwepo wako ni sehemu ya tiba. Mpelekeni zahanati ya chuo au hospitali, ambako atapewa rufaa ikihitajika. Huduma za afya ya akili zipo kwenye hospitali za rufaa, na kitaifa ipo Hospitali ya Mirembe, Dodoma, inayofanya kazi hiyo tangu 1927. Kama aliye na shida ni mdogo wao ambaye bado hajafikisha miaka 18, kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.

Katika kaya nyingi za kwetu neno la kwanza litakuwa "karogwa". Hatutabishana hapa na imani ya mtu. Mnaotaka kuomba, ombeni. Mnaotaka kikao cha ukoo, kaeni. Ila hospitali isiwe ya mwisho baada ya fedha na miezi kuisha. Maradhi ya akili yakiwahiwa hutibika vizuri, na wapo walioahirisha mwaka mmoja, wakatibiwa, wakarudi na kuhitimu. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za ugonjwa. Omba kwa maandishi, ukiambatanisha barua ya daktari, kabla ya mitihani na si baada ya kufeli. Kuahirisha si kudisko.

Wazazi pia ni kijiji

Kata moja ya Kyela inaweza kuwa na watoto kumi katika chuo kimoja, na wazazi wao wanakutana sokoni, kanisani, msikitini au kwenye chama cha msingi cha kakao bila kuzungumzia jambo hilo. Kundi dogo la simu la wazazi hao lina nguvu. Anayepanda kwenda Mbeya na mchele wa mwanawe awaone na watoto wa wenzake, awaangalie usoni, alete habari. Wazazi kumi wakiandika barua moja kuuliza chuo kina washauri nasaha wangapi, barua hiyo itajibiwa haraka kuliko simu ya mzazi mmoja.

Kazi ya mama wa zamani ilikuwa kuwahesabu vijana waliokaa kuzunguka sahani na kuona nani amepungua. Kazi hiyo ipo bado. Mpigie wako leo jioni, umuulize amekula na nani.